Kamba ya Ndama

Masœur Faida, mutawa wa parokia yetu, ni mutu muzuri. Ninaanza na hiyo, ili kesho mutu asiende kusema kwamba mimi, Mama Rébecca, ninatukana watumishi wa Mungu. Anafunga, anasali, anajua jina la kila mutoto mu masomo yake, ni kusema shule yake, na wakati wakimbizi walifika mu kiwanja ya parokia bila kitu, alitoa hata godoro yake. Lakini hakuzaliwa Ituri. Alitoka Bukavu, wakamupatia masomo yetu aongoze, na akaamini kwamba amani ya Bunia ni amani kweli.

Mimi ninauza maziwa ya kuganda ku soko ya Nyakasanza. Tunakaa Saio, hapa hapa Bunia, mimi na binti yangu Plamedie na mama-mukwe wangu. Bwana yangu aliitwa Blanchard. Vita ilipofika kwetu, mbele ya Iga Barrière, alituleta hapa kwa ndugu yake, akakula bugali, akanawa mikono, akasema: "Ninarudi kuchukua ile ng'ombe na ndama yake." Nikamuambia: "Blanchard, weye iko na wazimu? Ng'ombe ndiyo itakuzika?" Akacheka. Akakamata kamba ya ndama, ile aliisuka mwenyewe, akaizungusha ku mukono, akaenda. Mutu mumoja alimuona kando ya mto, kisha risasi zikalia, kisha basi. Hakurudi, na maiti yake hatukuona.

Kwetu, mutu asipozikwa, kilio haiishi. Mama-mukwe alisema wazi: bila udongo ya kaburi, hakuna kuondoa matanga. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilivaa kikwembe nyeusi, na jina la Blanchard halikupewa mutoto mwengine yeyote mu familia. Unampaje mutoto jina la mutu hujui analala wapi? Watu wa ku soko waliniambia, "Mama Rébecca, sahau, amani imerudi." Sahau! Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepona, na siye hata kovu hatukuwa nayo, tulikuwa bado na kidonda.

Na hiyo amani yenyewe, sikia. Barabara ilifunguliwa, malori yakapita na waaskari mbele na nyuma. Ku soko tulisalimiana, siye na wale wengine, tukauziana, tukacheka. Kabila hatutaji. Hapa tunauliza tu, "Unatokea wapi?" Ukinijibu kijiji, nimekwisha kujua yote: baba yako, vita yako, upande wako. Mutu wa Bukavu hawezi kujua hiyo.

Sasa, mu masomo ya Masœur Faida kuna prix moja kubwa, zawadi ya mutoto mumoja tu. Wanaitoa siku ya proclamation, ile siku wazazi wote wanakuja kusikiliza majina na pointi za watoto. Haiangalii mwenye akili nyingi. Ni prix ya imani na tabia, ya mutoto mwenye moyo. Mwaka ule Plamedie akarudi nyumbani na karatasi ya kuniita: prix ni yake.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikamukumbatia. Mutoto akasimama kama mti, hakucheka.

"Mama, uende uwaambie sitaki."

"Sitaki? Sitaki ni nani mu nyumba hii?" Nilikasirika, sifichi. "Juu ya nini hutaki?"

"Wanasema nilisamehe."

"Ulisamehe nani?"

"Destin."

Destin nilimujua kwa jina. Ni kijana wa ule upande mwengine, yatima, aliishi na koko, ni kusema babu yake, Muzee Hubert, ambaye alilimia watu mashamba mu pembe ya muji. Ku kalasi alikaa banc ya nyuma, na mutoto wa kwetu hakuna aliyekubali kukaa naye. Halafu, mwanzo wa mwaka, Plamedie akatoka kwa banc yake ya mbele, akabeba vitabu, akaenda kukaa na Destin. Walimu wakashangaa. Ku misa, wakati wa kupeana amani, akamupatia mikono mbili. Ku récréation, saa ya kupumzika, akamugawia muhogo. Masœur Faida akaona, akalia machozi ya furaha. Alijua baba ya Plamedie alikufia wapi, alijua Destin anatoka wapi, akajumlisha mwenyewe, na hakuuliza mutu.

"Na hukumusamehe?" nikamuuliza.

"Mama, niko naye juu ya papa."

Nikakaa juu ya bidon ya maziwa. Akanieleza pole pole, bila kuniangalia. Siku moja mwalimu wa jiografia aliuliza watoto waseme mito ya kwao. Destin akataja mto wetu. Plamedie akamufuata inje, akamuuliza, "Unapajua pale?" Akajibu, "Mimi nilikuwa mudogo. Lakini koko yangu anajua wafu wa pale walizikwa wapi. Hasemi. Ukimuuliza, anakasirika na kutoka." Basi wakapatana, watoto hawa wawili. Plamedie atamufundisha hesabu, maana Destin na hesabu ni maadui. Na Destin akipita kalasi, siku ya proclamation atamuomba koko yake aseme mahali. Mu watu wa kwao, kama wa kwetu, mutoto aliyepita anaomba kitu siku ile, na muzee hakatai. Ni haya kukatalia mutoto siku ile.

"Mama, masœur akisema mbele ya watu wote kwamba watu wa Destin ni wa upande ule, koko ataogopa. Atamubeba Destin, wataenda, na papa hatutamupata tena."

Mwaka nzima nilimugombeza huyo mutoto juu ya kuchelewa kurudi nyumbani, kumbe alikuwa anamutafuta baba yake mu vitabu vya hesabu.

Asubui nikaenda kwa masœur. Alinipokea na mikono mbili, akanipatia kiti.

"Masœur, siye tunashukuru sana. Lakini hii prix, mupatie mutoto mwengine."

"Mama Rébecca! Unyenyekevu wako ni muzuri. Sasa najua mutoto aliutoa wapi."

"Hapana unyenyekevu, masœur. Mimi sina hata kidogo, uliza watu wa soko. Nakuomba tu."

"Mama, wageni watakuja. Wale wa mambo ya amani, kutoka Kinshasa, na kamera zao. Watoto hawa wawili ni taa ya Ituri nzima."

"Masœur, taa inaonyesha hata mwenye kujificha."

Akatega masikio. "Nani anajificha, mama?"

Hapo nikafunga mudomo. Fikiria vile utafikiria, lakini ningemuambia, angefurahi zaidi. Angesema, ona vile Mungu anafanya kazi! Angeitoa ku mikro, pamoja na kaburi, pamoja na muzee. Mutu mwenye furaha kubwa hawezi kuchunga siri. Nikasema tu: "Usitaje mambo ya mwenzake. Usiseme ni mutu wa upande gani."

Akaweka mukono ku moyo. "Mama, sitataja kabila. Kinywa changu hakitaji kabila ya mutu, tangu nifike hapa." Na nikatoka, nikijidanganya kwamba imetosha.

Siku ya proclamation kiwanja ilijaa. Bâche ya kivuli, viti, fanfare ya watoto ikipiga ngoma na tarumbeta, na siye wamama kila mumoja na kopo yake ya poudre, ile unga nyeupe ya kupaka mwili, mu mukono. Huko kwenu labda munatoa maua. Hapa mutoto akipita, tunamumwangia poudre ku kichwa mpaka anakuwa mweupe, anatembea muji nzima hivyo, na kila mupita njia anajua: huyu amepita. Kurudi nyumbani kichwa kavu, hiyo ni ya wale walianguka.

Wakasoma majina. Plamedie akapita vizuri, nikakimbia nikamumwangia, nikarudi nikikohoa. Kisha: "Destin, soixante-quatre pour cent!" Sitini na nne kwa mia, amepita. Watu wakapiga makofi kidogo, kama adabu. Kijana akageuka kutafuta koko yake. Muzee Hubert alikuwa nyuma kabisa, na koti yake ya zamani, akainua kofia juu, meno inje. Lakini hakuwa na poudre. Poudre ni kazi ya mama na shangazi, na mutoto yule hakuwa nao. Akabaki na kichwa kavu, sawa mutu alianguka.

Kisha masœur akakamata mikro.

"Ndugu zangu, sitataja kabila ya mutu, maana mbele ya Mungu hakuna kabila." Makofi. Wageni wakaandika. "Binti huyu, Plamedie, baba yake aliuawa mbele ya Iga Barrière, kando ya mto. Na kijana anakaa naye banc moja, anatokea wapi? Anatokea kijiji ya ng'ambo ya mto ule ule! Na binti huyu amemusamehe!"

Ee Mungu wangu. Alichunga ahadi yake yote, na akatuua. Hakutaja kabila. Alitaja mto. Kila mutu mu kiwanja akahesabu mu kichwa chake na kumaliza mbele yeye hajameza mate.

"Destin, kuja mbele! Na koko yake, muzee, uko wapi? Simama watu wakuone!"

Wakamusukuma muzee akasimama. Kamera ikageuka. Vichwa vikageuka, vya kwetu na vya kwao. Niliona vijana wa kwetu, wale wanakaa ku mulango wa soko bila kazi, wakaangaliana. Niliona pia wanaume wawili wa kwao wakimukazia muzee macho bila kupepesa. Muzee alifinya kofia yake mpaka ikakosa umbo.

Masœur akamupatia Plamedie Biblia na rozari, na karatasi yenye rangi ya zahabu, akaweka mikro ku kinywa chake. "Sema neno, binti yangu. Waambie ulisamehe namna gani."

Mutoto wangu, na ile poudre ku uso, akamuangalia Destin. Kisha akasema: "Siwezi kukamata hii prix. Mimi sikusamehe Destin. Destin hakunifanyia kitu. Alikuwa mutoto sawa mimi. Nitamusamehe nini? Na wenye kumuua papa, hawajaniomba, na mimi sijawasamehe. Ninamuomba Mungu kila siku anisaidie, na bado. Nikisema nilisamehe, nitakuwa nimedanganya mbele ya Sakramenti." Akarudisha Biblia, rozari na karatasi ku mikono ya masœur.

Hakuna aliyepiga makofi. Masœur akawa mweupe kuliko watoto wa poudre, akawapungia fanfare mukono, wapige. Wakapiga, kila mumoja wimbo yake.

Muzee Hubert alikuwa amemushika Destin mukono na anamuvuta ku mulango wa kiwanja. Nikaona miaka yote ile inatoka kwa ule mulango. Nikakimbia. Kwa kilo zangu hizi, na viatu vya sikukuu, nikakimbia.

"Muzee! Ngoja!"

Hakungoja. Nikawapita, nikasimama mbele yao mu barabara, nikafungua kopo.

"Mutoto amepita," nikasema. "Harudi nyumbani kichwa kavu."

Sijui ilitoka wapi. Sikuwa na upendo mu moyo, nakuambia kweli, nilikuwa na hasira ya kutosha kuchemusha sufuria. Lakini mutoto aliyepita ni mutoto aliyepita. Nikamumwangia Destin poudre yote iliyobaki, ku kichwa, ku mabega, ku uso, ikaingia mu macho na akalia. Muzee alisimama tu. Plamedie akafika, akisukuma pumzi.

Destin akapangusa macho, akamugeukia koko yake. "Koko, nimepita. Nina haki ya kuomba."

"Usiombe," muzee akasema. "Mutoto yangu, usiombe hapa."

"Naomba kitu moja. Baba ya Plamedie, analala wapi?"

Muzee akaangalia barabara huku na huku. Akaniangalia mimi, mara ya kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Yule alikuwa na kamba ku mukono?"

Ile kamba sikuieleza mutu inje ya nyumba yetu. Plamedie akanishika mukono.

"Kamba ya ndama," nikasema.

"Ndiyo. Nilimukuta asubui," akasema muzee. "Vijana wetu walikataza mutu kugusa maiti. Nikangoja wavuke. Nilimufunika na kikwembe ya marehemu bibi yangu, nikachimba na jembe. Ile kamba, nilitaka kuitoa, lakini vidole vyake vilikataa kufunguka. Nikamuzika nayo. Nikasali Baba Yetu mu luga yangu. Luga yake sikuijua." Akatuambia mahali, na alama aliyoweka, na njia ya kufikia. Alisema mara mbili, pole pole, ili tushike.

Ningeuliza maneno ya maana. Niliuliza: "Na ndama?"

"Ndama sikuiona, mama."

"Juu ya nini hukusema, muzee? Miaka hii yote!"

Akacheka bila furaha. "Wetu wakijua nilizika mutu wa kwenu, ni mimi nitafuata. Wenu wakijua najua kaburi, watasema basi najua na muuaji. Ningesema kwa nani?" Akavaa kofia ile iliyopondeka. "Na leo masœur yenu amenisimamisha, wote wameniona. Kwaheri, mama. Aksanti kwa poudre."

Wakapanda moto moja, ile pikipiki ya abiria, muzee, mutoto mweupe, na dereva. Sikuwaona tena. Haikupita juma, watu walikuja kumuuliza mu nyumba yake, wakavunja mulango. Wengine wanasema ni wa kwetu, wengine wanasema ni wa kwao. Mimi naamini wote. September, ile banc ya nyuma Plamedie alikaa peke yake.

Masœur Faida alikuja nyumbani Saio, na Biblia mu karatasi yake ya sikukuu. Akakaa ku kiti yetu ya miguu mitatu na kulia. "Mama, nieleze, nilikosea nini? Sikutaja kabila!" Nilimupatia maziwa. Ningemueleza namna gani? Akakunywa, akanibariki, akaenda na Biblia yake. Hiyo prix mwaka ule haikupata mutu.

Kaburi sijaiona. Barabara ya kule imefungwa tena, na udongo hatuna, kwa hiyo kikwembe nyeusi bado iko ku mwili wangu. Lakini nilimuambia mama-mukwe ku sikio, kila neno, mpaka vidole vilivyokataa. Mangaribi akasema, "Mwana wangu Antoine, bibi yake akizaa kijana, wamuite Blanchard." Amezaa. Yuko hapa, anaharibu vitu vyote mu nyumba.

Kila mwaka, wakati wa proclamation, watu wananiuliza kwa mizaha: Mama Rébecca, weye ulikataa prix ya mutoto yako, basi ungeipatia nani? Namujua wa kuipata. Mutu alizika adui wa watu wake, akamuombea, na akanyamaza, huyo ndiye mwenye imani na tabia, hakuna mwengine. Ningepiga vigelegele siku wanamuita mbele. Lakini kumuita mbele ndiyo kumuua, tulikwisha kuona. Kwa hiyo jina la Hubert nililokuambia si lake, na Destin si Destin, na kama ule mto uko mbele ya Iga Barrière ao uko pengine kabisa, hiyo usiniulize.